Tupeane uzoefu: mkia wa neno la Kiingereza uliowahi kukutoa nishai

Kibatari
Wakuu, habari za jioni. Mwanangu yuko hizi shule za kulipia, leo kaja na zoezi la kuongeza "-ful" au "-less". Careful, careless, useful, useless. Anajaza huku anakula. Jasho limenitoka mimi.

Sie wa shule za kata mnatujua. Miaka saba unasoma kwa Kiswahili, Januari ya form one hata hesabu imegeuka Kiingereza. Mwalimu akatufundisha "-less" ni "bila", halafu akasema "priceless" ni kitu cha thamani mpaka hakipangiki bei. Nikajua kumbe ukimvua mtu vitu ndio unamsifia! Nikamwandikia binti wa form three: "My dear, you are priceless and worthless." Akaisoma kwa sauti kwenye foleni ya maji. Mwenzake akamtafsiria kwamba namwambia hana thamani yoyote. Mpaka namaliza shule naitwa Worthless.

Binti wa Pwani
Mwenzio nimepaliwa na chai. Pole, Worthless.

Mgosi
Kwetu makamu wa mkuu alikuwa mama, cheo chake "second mistress". Wakaja wageni kutoka Uingereza kukabidhi vitabu. Mkuu kasimama, kifua mbele: "And this is my second mistress." Wageni wote wakamgeukia mkewe mkuu, kakaa palepale na kitenge chake, anapiga makofi. Kumbe kwao mistress ni mchepuko. Sisi tulijua ni "-ess" ya kike tu, kama waiter na waitress. Kuna dogo aliandika kwenye mtihani kuwa jike la "matter" ni "mattress".

Jembe Butu
Nyie mlichekwa. Mimi nililia.

Nilikuwa nalima nyanya Ilula, nusu eka, hela ya kikoba. Zimeanza kutoa maua, kantangaze, yule mdudu wa nyanya, akaingia, majani yana michirizi kama ramani. Dawa yangu ya siku zote mwisho wa jina ni "insecticide", kwa hiyo kichwani mwangu "-cide" maana yake dawa. Naenda duka la pembejeo, imeisha. Pembeni naona chupa imeandikwa "herbicide". Nikawaza: herb si ndio mitishamba? Basi hii ya asili, haina sumu kali. Hata kijana wa dukani sikumuuliza, nimefika form four naulizaje?

Nyumbani mke wangu kanisogezea maji ya kuchanganyia, akauliza, "Umesoma lakini?" Nikamjibu, "Nimesoma." Nikabeba bomba la lita 16 mgongoni, nikapiga mstari kwa mstari, mpaka chini ya majani nikahakikisha pamelowa.

Siku kadhaa mbele ncha zikaanza umanjano. Nikasema njaa, nikaweka mbolea. Wiki haijaisha shamba zima limelala, limekauka kama majani ya kufungia ndizi. Na kantangaze hakuwa na sehemu ya kula tena, kwa hiyo hapo ilifanya kazi.

Binti wa Pwani
Uwiii. Na kikoba?

Jembe Butu
Nimelipa kwa kuuza pikipiki. Tuendelee.

Mzee wa Lebo
Pole, lakini uzembe. Kila chupa ina utepe wa rangi chini, nyekundu, njano, bluu, kijani. Angalia rangi, Kiingereza cha nini?

Mswahili Mkavu
Usipotoshe watu. Utepe unasema ukali wa sumu kwa binadamu, hausemi inaua nini. Kiuagugu kinaweza kuwa na utepe wa kijani na nyanya zikaisha. "-cide" ni ya Kilatini, kuua. Ndiyo hiyohiyo ya suicide na genocide. Na "herb" hapo ni mmea, siyo mwarobaini wa bibi yako. Kiswahili kinamtanguliza muuaji: kiuagugu, kiuakuvu, kiuawadudu. Mwingereza anamficha mkiani.

Mzee wa Lebo
Bibi yangu umemfikiaje?

Nesi Zamu ya Usiku
Wodini mkia ndio unatuokoa. "-itis" ni uvimbe wa mwako, "-ectomy" wanakata wanatoa, "-otomy" wanapasua tu. Ila "-oma" msiishike kichwani. Kuna familia iliangua kilio koridoni, fomu ya baba yao imeandikwa "haematoma", kijana wao kawaambia "-oma" zote ni kansa. Ilikuwa damu imevilia pajani, kaanguka na bodaboda.

Mgosi
Kwa hiyo tushike mkia au tusishike?

Nesi Zamu ya Usiku
Shika. Ila uliza.

Kibatari
Mi nasema shika kichwa, mkia achana nao.

Mswahili Mkavu
Jembe Butu alishika kichwa. "Herb."

Fundi Bomba
Samahani kwa kuchelewa, nina haraka kidogo. "Acaricide" inaua nini? Nimeazimwa na jirani.

Jembe Butu
Kupe, ndugu yangu! Ni ya kuogeshea ng'ombe. Una ng'ombe?

Fundi Bomba
Nina mchicha.