Land Rover 109 usukani mzito: nirekebishe ulivyo, nifunge boksi la pawa, au mota ya Vitz?

Mzee wa Usagara
Wakuu, habari za jioni. Nina Land Rover 109 Series III ya 1978, petroli, niliyoachiwa na marehemu baba. Kwenye lami, spidi 60 kuelekea Kigongo, usukani naushika kwa vidole viwili na sina neno. Shida inaanza nikisimama. Asubuhi pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, mbele yako kuna toroli, nyuma magunia ya dagaa, pembeni mwenye Fuso anapiga honi, na wewe unatakiwa ukate usukani wote gari haijasogea hata shubiri. Bega langu la kulia liliwahi kuteguka. Wiki iliyopita nilishindwa, nikampa kijana mmoja pale funguo aniegeshee. Gari ambayo nimepanda tangu nikiwa darasa la pili!

Nimeuliza watu watatu, nimepewa majibu matatu. Fundi wa Nyakato anataka nifunge boksi la pawa la Discovery, lile la usukani linalosaidiwa na mafuta, pamoja na pampu yake. Mwingine anasema tuchukue mota ya umeme ya usukani kutoka Vitz iliyokatwa kuuzwa spea, nitazungusha kwa kidole. Mdogo wangu anasema nisiguse kitu, gari ilitoka kiwandani hivyo na mzee aliiendesha hadi uzeeni. Mnashaurije?

Nimesahau: mwaka jana nilibadilisha matairi, nikaweka 265/75 R16 na rimu pana zilizotokeza nje. Zinapendeza.

Fundi Mstaafu Igoma
Jibu umelisahau hadi mstari wa mwisho, mzee mwenzangu.

109 ilitoka na tairi jembamba, 7.50-16. Ukiweka pana unaongeza mpira unaosugua lami. Lakini rimu iliyotokeza nje ndiyo mbaya zaidi. Tairi halizunguki tena karibu na mstari wa kingipini, pini ambayo gurudumu hugeukia, linachora duara kubwa kuuzunguka, na anayelisukuma kwenye hilo duara ni wewe na bega lako.

Kabla hujatoa hata mia, pima upepo. 109 mbele hujazwa psi 25, nyuma 36 ukiwa na mzigo. Kisha inua ekseli ya mbele yote, weka stendi imara (siyo tofali, nimeona tofali likipasuka), ukae ndani uzungushe. Ukizunguka laini, ugomvi wako ni matairi na uzito wa gari. Ukiwa mzito hata hewani, kuna kitu kinashika, na hakuna pawa itakayokitibu. Itakificha tu hadi kikatike. Hapo achia fimbo za usukani moja moja: kwanza ya kutoka boksi kwenda rilei (kiungo cha kati kinachopokea kutoka boksi na kusukuma magurudumu), halafu ya kutoka rilei kwenda magurudumu. Kila ukiachia, zungusha tena. Mahali uzito unapoondokea ndipo penye ugonjwa.

Dada wa Dagaa
Shikamoo baba. Mimi nina 109 pia, nasomba dagaa kutoka Kayenze, na watu husema mwanamke hawezi hiyo gari. Naiweza kwa sababu nilikutana na fundi mwenye akili.

Ya kwangu ilikuwa nzito hivyo hivyo na matairi yangu ni membamba. Dalili ilikuwa moja: nikitoka kwenye kona usukani haurudi wenyewe, nauvuta kama ndoo ya kisimani. Kumbe ni rilei, ile silinda iliyosimama ndani ya bomba la mbele la chasisi, nyuma ya bampa. Inatakiwa iwe na oili ndani, ile ya gia, EP90. Watu wanapaka grisi kila mahali lakini rilei wanaisahau, maana haionekani. Pale juu ina boti ndogo. Fungua mbili zinazotazamana, moja ya kutia oili na nyingine ya kutolea hewa, utie polepole kwa bomba la sindano huku mtu anazungusha usukani kushoto na kulia.

Ila NAOMBA usimruhusu mtu aifungue rilei yenyewe kama hajawahi. Ndani kuna springi iliyobanwa kwa nguvu ambayo si ya mchezo. Ya kwangu ilipofunguliwa ilifungwa gunia na kamba kwanza, na bado ilipiga bati la gereji tukadhani jiwe limeanguka kutoka mlimani.

Kingine ni lile tufe la chuma linalong'aa nyuma ya kila gurudumu. Ndani kuna shimu, vile vibati vyembamba vya kurekebisha mbano. Fundi akiona gurudumu linacheza, anatoa shimu nyingi, mchezo unaisha na usukani unageuka jiwe. Tulitoa fimbo zote, tukafunga mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia sangara, kwenye mkono wa gurudumu na kuuvuta. Kushoto ulisogea kwa kilo chache, kulia mizani ilikaribia mara mbili. Tukarudisha shimu moja kulia, pande zikalingana. Mizani ilirudi kazini kesho yake.

Kijana wa Mota
Wakubwa, heshima zenu. Naona mota inaachwa kabla haijasemwa. Mimi nimeifunga kwenye Corolla DX, mwaka wa pili huu.

Uzuri: hakuna pampu, hakuna hosi ya kupasuka, hakuna mkanda unaovuta injini. Mota inakaa kwenye shafti ya usukani chini ya dashibodi, na boksi lako la zamani linabaki palepale. Spea zipo, Vitz zilizokatwa ziko kila mtaa.

Ubaya, maana sitaki kudanganya mtu: kompyuta ya mota ilizoea kupokea taarifa ya spidi kutoka kwenye gari lake. Ikizikosa, nyingine zinaingia hali ya dharura na kutoa msaada wa kiasi kilekile muda wote, nyingine zinazima kabisa. Kwa hiyo jaribu mezani na betri kabla hujakata shafti ya gari. Mimi ya kwanza ilikataa, hela ikaenda. Ya pili ilikubali, ila barabarani usukani ni mwepesi mno. Nikiwa spidi 80 upepo wa ziwani unanisogeza kabla sijashtuka.

Mchomeleaji Igogo
Kijana umesema vizuri, lakini hujagusa umeme. 109 nyingi za miaka hiyo zina altaneta ndogo, amp 34. Mota ikikata usukani umesimama inaweza kuvuta amp 40 na kuendelea, na hapo injini iko sailensa, inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta, altaneta haitoi hata hizo 34. Betri ndiyo inayobeba tofauti. Usiku taa zimewaka, utaona zinapepesa kila ukigeuza. Ukifunga mota, badilisha altaneta kwanza, na waya mnene kutoka betri wenye fyuzi yake.

La pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi: shafti ya Vitz na ya Land Rover hazifanani meno. Kuna watu wanakata zote mbili, wanaunganisha kitako kwa kitako na kuchomelea. Mimi nachomelea mageti, nachomelea mitumbwi ya chuma, usukani sichomelei hivyo. Nenda kwa mkerezaji akutengenezee kiungo chenye meno pande zote mbili, kifungwe kwa boti. Mtu akikuambia kuchomelea kunatosha, muulize kama atakaa kiti cha mbele mkishuka Bugando.

Boksi la pawa nalo siyo dawa ya kunywa. Lile la Discovery halikai mahali pa boksi la Series. Utakata, utatengeneza kitako kipya kwenye chasisi, utahamisha fimbo, na kwenye injini ya petroli ya 2.25 hakuna mahali pa kufungia pampu hadi uchonge breketi na puli. Anayefaidi ni yule aliyekwishafunga injini ya dizeli ya Kijapani yenye pampu yake; huyo nusu ya kazi imeisha. Ila likifungwa vizuri, hakuna linaloshinda. Ukikanyaga shimo, usukani haukupigi vidole gumba.

Benz ya Isamilo
Napita tu. Kwenye Mercedes W123 swali hili ni rahisi, kwa sababu kiwanda chenyewe kilitoa zisizo na pawa na zenye pawa, hadi 1982 ilipokuwa ya kawaida kwa zote. Nilitoa boksi, pampu na hosi kwenye gari bovu nikahamishia kwangu, vitako vipo tayari. Mwenye gari ambayo kiwanda kiliwahi kuiwekea pawa aanzie huko. Mwenye 109, pole.

Mzee wa Usagara
Wabeja sana. Dada, marahaba, na hongera kwa mizani.

Jumamosi nimeinua. Hewani usukani ulikuwa mzito, siyo sana, lakini mzito. Nikaachia fimbo ya boksi, boksi likazunguka laini kabisa. Nikashika mkono wa rilei, hausogei. Nikaingiza bomba la futi tatu, nikaning'inia, ndipo ukalia kama mlango wa stoo. Nilipofungua zile boti mbili hapo juu haikuwamo oili hata tone. Kulikuwa na uji wa rangi ya chai ya maziwa, maji na kutu.

Nikaufyonza, nikatia EP90, nikaulaza, asubuhi nikatia tena. Jumapili nzima mjukuu kakaa ndani anazungusha kushoto kulia akidhani anaendesha. Sasa mkono unasogea kwa mkono wangu mmoja, ila oili inavuja chini, sili imekufa. Nimeazima 7.50 nne za jirani nikazifunga na rimu zake nyembamba, upepo 25.

Leo Mwaloni nimeegesha mwenyewe. Mbele mara mbili, nyuma mara moja. Nimegundua pia nilikuwa nakata usukani gari imesimama. Ukiiacha itambae kidogo, hata mwendo wa kobe, uzito unapungua kama nusu.

Ila mama watoto kajaribu, kasema bado. Kwa hiyo swali la mota halijafa.

Kijana wa Mota
Ndiyo nilichosema.

Fundi Mstaafu Igoma
Mama ana haki. 109 ni gari zito na haitakuwa Vitz. Lakini malizeni kazi: badilisha sili, fanya mizani kama ya yule binti, halafu pima magurudumu ya mbele. Kwa Series, umbali kati ya magurudumu hayo upande wa mbele uwe mdogo kuliko upande wake wa nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4, siyo zaidi. Mafundi wa alaimenti wanapenda kuweka ya Corolla. Baada ya hapo mwache aendeshe mwezi mmoja. Ukifunga mota leo, nguvu yake yote inapita kwenye rilei ile yenye kutu, na wewe hutasikia ikilalamika.

Na usije ukaweka kausukani kadogo ka mashindano, nimeona vijana wanaweka. Wa kiwandani ni inchi 17. Ukiweka wa 14, kile ulichokizungusha kwa kilo 10 unakizungusha kwa 12.

Dada wa Dagaa
Sili ya chini nilipata ya dukani ikavuja tena baada ya miezi. Kagua shafti ya rilei kama ina makovu ya kutu, ikiwa nayo sili mpya haitadumu. Tafuta rilei nzima iliyo hai kwenye gari lililokufa.

Mzee wa Usagara
Nitaikagua Jumamosi. Mota nimeiweka pembeni hadi mama amalize mwezi wake.

Hilux Nyegezi
Samahani kuingilia uzi. Hizo 265 na rimu zake unauza?

Mzee wa Usagara
Nauza zote nne, ziko Usagara. Rimu moja ina mkwaruzo.