Nimepewa uratibu wa mitihani na makala za kupandia cheo sina. Nikubali au nikatae?

Zai wa Maabara: Habari zenu wakuu. Mimi ni mhadhiri chuo kimoja cha umma hapa Tanzania, upande wa sayansi. PhD ninayo, na nina mtoto ambaye bado ananyonya. Kaka tuliyeanza naye kazi tukiwa wahadhiri wasaidizi sasa ni Mhadhiri Mwandamizi. Simwonei kijicho, anaandika kweli. Ila hajawahi kubebeshwa hata karatasi ya mahudhurio. Mimi nimeratibu mafunzo kwa vitendo, ni mlezi wa wanafunzi wa kike, na nikiingia kikaoni daftari la muhtasari linasukumwa kwangu kabla sijakaa. Wageni wakija, chai nani aiagize? Mimi.

Sasa mkuu wa idara anataka niratibu mitihani, eti "nyie akina mama mko makini". Posho ipo. Lakini data zangu za PhD zimelala, na kuna makala jarida limenirudishia nirekebishe. Mume wangu anasema nikubali, ni heshima. Nikikataa nitaitwa jeuri. Mngefanyaje? Msiniambie nisali, nasali tayari.

Mkaanga Sumu: Chukua posho dada. Cheo kitakuja tu.

Chaki Nyeupe: "Cheo kitakuja" ndiyo imewazeesha akina mama wengi idarani kwetu. Zai, piga hesabu ya mbali. Tangu sheria ibadilishwe 2018, wahadhiri waandamizi na maprofesa wa vyuo vya umma wanaweza kufanya kazi hadi miaka 65. Mhadhiri wa kawaida anatoka na 60. Ukikwama hapo ulipo, unapoteza miaka mitano ya mshahara, posho ya mitihani haitaifidia.

Usikatae kwa mdomo pale ofisini, utazidiwa maneno. Andika barua ya adabu: unakubali kwa mwaka mmoja, upunguziwe kozi moja, upewe msaidizi wakati wa kukusanya matokeo, na baada yako kazi izunguke kwa alfabeti ya majina, wanaume kwa wanawake. Akikubali masharti, sawa. Akiyakataa, aliyekataa ni yeye. Na kila jukumu liingize PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, maana lisiloandikwa halikufanyika.

Bwana Ndizi: Tusisingizie jinsia. Mhariri wa jarida hajui kama wewe ni ke au me. Makala ni makala.

Nduta wa Thika: Mhariri hajui, lakini kikao cha idara kinajua sana. Huku kwetu Kenya, Wangari Maathai alipata PhD yake Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na Kati. Hata hivyo yeye na mwenzake walilazimika kupigania marupurupu kama nyumba na bima ya afya, kwa sababu mwanamke aliyeolewa alihesabiwa kuwa mumewe atamtunza. Shahada ileile, kazi ileile. Nayo ilikuwa jinsia inasingiziwa, Bwana Ndizi?

Msukuma Ughaibuni: Niko Ujerumani. Baraza la Utafiti la Ulaya linapopima miaka tangu mtu apate PhD ili aombe fedha za watafiti wanaoanza, mama huongezewa miezi 18 kwa kila mtoto. Hapo nyumbani sheria inakupa siku 84 za uzazi, 100 ukijifungua mapacha, halafu unarudi unalinganishwa na kaka yako kana kwamba mlikuwa wote maabara. Kwenye barua ya kuomba kupandishwa, taja likizo hizo kwa tarehe. Hakuna anayekukataza. Na hiyo makala iliyorudishwa imalize kwanza, kabla hujakabidhiwa hata bahasha moja ya mtihani. Data ni zako, jina lako likae mbele. Kuna wakubwa wanapenda kusogeza majina.

Bwana Ndizi: Ya Maathai sikuijua. Lakini posho bado ni posho.

Zai wa Maabara: Asanteni sana. Barua naandika leo mtoto akilala. Chaki Nyeupe, hiyo ya alfabeti nimeipenda kuliko zote, kwetu mimi ndiye wa mwisho.

Mkaanga Sumu: Na mkuu wa idara anaanza na herufi gani?

Zai wa Maabara: A.