Tupeane uzoefu: ziwa limefungwa, unasoma maandiko kuanzia wapi?

Mwanga Juu: Wakuu, Ziwa Tanganyika likifungwa kwa uvuvi huku Kigoma, kama ile miezi 3 ya 2024 kuanzia Mei 15, nyumba za wavuvi na kina mama wa dagaa hubaki na madeni na mawazo. Wiki ya kwanza Biblia au Msahafu haushuki mkononi, wiki ya tatu umerudi kabatini. Wenye kujua namna ya kusoma hadi kukolea, karibuni.

Katekista: Kinachowaangusha wengi ni kuanza na Mwanzo kwa nia ya kumaliza. Ukifika Walawi, sura 27 za sadaka na unajisi, unachoka, halafu unajihukumu kuwa huna imani. Mwenye shida aanze na Zaburi 13. Mistari 6 tu: 2 ya kulalamika, 2 ya kuomba, 2 ya kutumaini. Isome kwa sauti mara 3. Ya kwanza sikiliza tu. Ya pili shika neno lililokugusa. Ya tatu lifanye sala, kisha nyamaza dakika 5. Usiyaruke malalamiko. Zaburi 88 inaishia gizani kabisa, na bado imo kwenye Biblia.

Halafu tazama nani anasema! Ayubu 8:7, ule wa mwanzo mdogo na mwisho kuongezeka, watu wanaubandika hadi dukani. Msemaji ni Bildadi, na mistari mitatu nyuma amemwambia Ayubu, mzazi aliyefiwa, kwamba wanawe waliponzwa na makosa yao. Kwenye 42:7 Mungu anamkasirikia Elifazi na rafiki zake wawili, Bildadi akiwemo. Kabla hujamtumia mfiwa mstari, soma sura nzima.

Ujiji: Katekista kasema kweli. Kwetu Waislamu anza na Adh-Dhuha, sura ya 93 ya Kurani, yenye aya 11. Wahyi, yaani ufunuo, ulikatika kwa muda, Mtume (s.a.w.) akahuzunika, ndipo ikashuka kwamba Mola wako hakukuacha. Wengi huishia hapo, wakati aya 3 za mwisho ndizo zinazokupa kazi: yatima usimwonee, anayeomba usimkaripie, neema za Mola wako zisimulie. Faraja na wajibu vimekuja pamoja. Baada ya Alfajiri, kabla hujashika simu, soma Kiarabu, kisha tafsiri aya kwa aya, iwe yenye maelezo ya sababu ya kushuka. Ukikwama peleka swali darsani, usijitungie maana.

Mama Dagaa: Mimi nasemea sokoni. Dagaa wakiadimika, kopo la kupimia hubondwa kitako kwa ndani, kwa macho limejaa, kwenye sufuria hawatoshi. Al-Mutaffifin, sura ya 83, inawafungukia wapunjao kuanzia aya ya kwanza: wakipimiwa wanataka kamili, wakipima wanapunguza. Mithali 11:1 nayo inasema hivyohivyo juu ya mizani ya hadaa. Soma kabla ya kupanga meza, kisha nyuma ya daftari la madeni andika tarehe, aya, na tendo moja. Tendo lionekane: "leo nalipa 2,000 ya unga", siyo "nitakuwa mwema". Jioni weka tiki. Siku 3 zikipita bila tiki, ujue umejipangia mengi, punguza.

Mithali ina sura 31, soma moja kwa siku, fuata tarehe ya mwezi.

Mwanga Juu: Asanteni sana. Na ziwa likifunguliwa? Wanaotoka jioni na kurudi asubuhi wasome saa ngapi?

Ujiji: Wafuate mwezi. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala. Hapo soma vitu virefu, Surat Yusuf yenye aya 111, kwa mafungu, au Ayubu. Giza likirudi, kitabu kiache nyumbani, kitalowa. Kariri fupi nchi kavu: "pamoja na uzito upo wepesi", sura ya 94, imekuja mara 2 mfululizo. Mkristo achukue mwanzo wa Zaburi 46. Irudie wakati mnangoja dagaa wakusanyike chini ya taa, kabla ya kuvuta wavu.