Mzee wangu ni mstaafu wa JWTZ, pensheni imesimama na karatasi zimepotea: tuanzie wapi?

Mwana wa Uru (Moshi) ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na rika langu habari za kazi. Ninaandika kwa niaba ya baba yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 72, aliyeandikishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania mwaka 1974, akapigana vita vya Kagera na kustaafu mwaka 1996 akiwa na cheo cha Sajinitaji.

Pensheni yake ilikuwa ikiingia benki bila tatizo lolote mpaka ulipofanyika uhakiki wa wastaafu wanaolipwa na Hazina. Juma lile ambalo wahakiki walikuwa Moshi mjini, mzee alikuwa amelazwa akisubiri upasuaji wa nyonga, nasi wanawe, niseme ukweli, hatukujua uzito wa jambo lenyewe. Tulidhani likipita limepita. Baada ya muda tulikwenda benki tukakuta hakuna kilichoingia.

Tulipompeleka ili ahakikiwe likazuka jingine. Jeshini aliandikwa kwa jina la ubatizo na jina la baba yake, kama walivyoandikwa vijana wengi waliotoka huku Uchagani siku zile, lakini kitambulisho cha NIDA kina jina la ubatizo na jina la ukoo, na akaunti ya benki nayo ilihuishwa kwa kufuata kitambulisho hicho. Karani aliyekuwa dirishani alizitazama karatasi zote, akasema kwa upole kabisa kwamba kwake yeye hao ni watu wawili, na mmoja wao hayupo.

Barua ya ajira na barua ya tuzo la kustaafu zililowa darini wakati wa masika, tukazitupa bila kujua thamani yake. Kilichobaki ni picha moja akiwa na sare, nakala iliyofifia ya hati ya malipo ya kiinua mgongo, na nishani ya vita ambayo hataki itoke nje ya nyumba. Je, kumbukumbu zake zinaombwa wapi? Je, tunaweza kumsemea bila kumbeba kila mara, maana bado anatembea kwa magongo? Tena yupo bwana mmoja aliyejitolea kulishughulikia suala zima kwa sharti la kupewa theluthi ya malimbikizo. Mama amekwisha kukubali. Mimi bado nasitasita.

Mstaafu wa Ngarenaro (Arusha) amejibu:

Marahaba mwanangu, na umfikishie mzee salamu za askari mwenzake.

Kwanza usimpe huyo bwana chochote, si theluthi wala nakala ya kitambulisho. Malimbikizo ya mstaafu aliye hai hayahitaji dalali. Pili, nimeona hukuweka namba ya jeshi ya mzee hapa mbele ya watu, nami nakusihi uendelee hivyo hivyo. Namba ile inayoanza na MT ndiyo ufunguo wa jalada lake lote, na wenye nia mbaya wanaijua thamani yake kuliko sisi wenye nayo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mmeyafunga pamoja mambo mawili ambayo yana milango tofauti. Malipo ni ya Hazina, kwa hiyo suala la pensheni iliyosimama linaanzia Hazina Ndogo iliyopo mkoani kwenu, ambako mtaeleza kwa maandishi kwamba mzee alikosa uhakiki kwa sababu ya ugonjwa, mkiambatisha barua ya hospitali yenye tarehe ya kulazwa na ya kuruhusiwa. Kumbukumbu za utumishi ni za Jeshi, na huko hamna haja ya kupanda basi kwanza. Nendeni ofisi ya Mkuu wa Wilaya mkamwulizie Mshauri wa Mgambo. Watu wengi wanalisikia jina hilo wakadhani ni mtu wa kufundisha mgambo tu, kumbe ni mwanajeshi wa JWTZ aliye kazini, anayejua barua ya kwenda Makao Makuu inaandikwaje na inapitia kwa nani. Mimi mwenyewe nilipotafuta nakala ya barua yangu nilizunguka miezi kabla mtu hajanionyesha mlango huo.

Barua hiyo msiiandike kwa maneno ya jumla. Andikeni namba ya jeshi, cheo alichostaafu nacho, mwaka na mahali alipoandikishwa, vikosi alivyotumikia kwa kufuatana, na mahali alipokuwa vitani. Kaa na mzee jioni moja umwulize taratibu. Aliyekuwa na Brigedi ya 201 pale Lukaya, Uganda, mwezi Machi 1979 hasahau alikuwa na nani kulia kwake, hata kama amesahau alichokula jana. Majina ya wenzake yaandike pembeni, kwa sababu wale walio hai ndio mashahidi wenu wa kwamba aliyeandikwa jeshini na aliyeandikwa NIDA ni mtu mmoja. Fanyeni haraka. Kijana wa miaka 20 wakati Kampala inaanguka, tarehe 11 Aprili 1979, leo amevuka 65, na kila mwaka tunazikana.

Kuhusu majina, nendeni mahakamani mkaape, mambo yataisha.

Dada wa Msaada wa Kisheria (Moshi) amejibu:

Ninamheshimu sana mzee wetu wa Ngarenaro na ninakubaliana naye karibu katika yote, isipokuwa hilo la mwisho, kwa kuwa hapo ndipo nimeona familia nyingi zikilipia karatasi moja mara mbili.

Kuna kiapo na kuna hati ya kubadili jina, na hivi ni vitu viwili. Kiapo huapwa mbele ya hakimu au Kamishna wa Viapo, na maana yake ni kwamba mzee anatamka kuwa majina yote mawili ni yake na kwamba hakuna mtu mwingine anayeyatumia. Hati ya kubadili jina husajiliwa kwa Msajili wa Hati, na maana yake ni kwamba ameacha jina moja na kushika jingine. Baba yako hakubadili jina lolote, ameandikwa tofauti mahali tofauti, kwa hiyo kwa mantiki kiapo kingetosha. Lakini mwenye kuamua ni ofisi itakayokipokea, na zipo zinazosisitiza hati iliyosajiliwa. Ulizeni kwanza Hazina Ndogo wanataka ipi, na muombe jibu hilo kwa maandishi, ndipo mtoe fedha. Halafu hakikisheni kwamba majina yameandikwa ndani ya kiapo herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye karatasi za jeshi. Nimewahi kuona kiapo kilichokataliwa kwa sababu ya herufi moja, mwandishi wa kiapo akiwa ameandika jina la baba kwa matamshi ya kwao Machame.

Kiapo peke yake ni neno la mtu. Kipeni mguu wa kusimamia. Kwa familia za huku, mguu huo mara nyingi uko parokiani au usharikani, kwa maana daftari la ubatizo huandika jina la mtoto pamoja na la baba yake, na mara nyingine ukoo pia. Ombeni cheti kilichotolewa kutoka kwenye daftari hilo, pamoja na barua ya afisa mtendaji wa kijiji.

Kuhusu kumsemea mzee, mnaweza kupata hati ya uwakilishi ili wewe ufuatilie barua na majalada, lakini uhakiki wenyewe unahusu kumwona mtu akiwa hai, na huo hauwakilishwi kwa hati. Waelezeni hali yake na kuomba utaratibu wa mgonjwa. Usikubali hata kidogo wazo la kumpeleka ndugu anayefanana naye. Nasema hivyo kwa sababu nimelisikia.

Huduma ya kuandaa nyaraka hizi kwa asiye na uwezo inapatikana bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua pia wasaidizi wa kisheria walioko wilayani. Na kwa vile mzee ana zaidi ya miaka 60 na kipato kimekatika, mpitisheni kwa afisa ustawi wa jamii ili atambuliwe kwa ajili ya msamaha wa matibabu ya wazee wasio na uwezo. Hilo halisubiri pensheni irudi.

Mjukuu wa Askari (Hai) ameongeza:

Naomba niongeze neno kwa wenye wazee wa zamani zaidi. Babu yangu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki), akaenda Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hao hawamo katika hesabu za Hazina kwa utumishi huo, kwa sababu walikuwa askari wa Mwingereza; hata Jenerali David Msuguri, aliyeongoza majeshi yetu Uganda, alianzia huko KAR mwaka 1942. Kwa ajili yao upo umoja wa kuwasaidia wastaafu wa majeshi ya Jumuiya ya Madola, ulioanzishwa mwaka 1921, ambao hapa nchini hufanya kazi kupitia Tanzania Legion, chama cha askari wa zamani. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza takriban pauni milioni 11.8 kwa wastaafu na wajane wapatao 7,000 wanaoishi katika umaskini. Sisi tulizipata habari hizo baada ya babu kufariki, bibi akiwa hai, na hakuna aliyekuwa ameiandika namba ya babu popote. Wenye bibi walio hai watazame masandukuni leo.

Mwana wa Uru (Moshi) amerudi:

Asanteni sana wakubwa zangu. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nije na kitu mkononi.

Daftari la ubatizo limepatikana, limeandikwa Kilatini, na paroko amelisoma mbele yetu: jina la mzee, jina la baba yake na jina la ukoo yote yamo katika mstari mmoja. Mzee alicheka, akasema padri yule wa zamani aliona mbali kuliko serikali. Hazina Ndogo wametuambia wataanza na kiapo, wakatuandikia. Mshauri wa Mgambo amepokea barua ya kuomba kumbukumbu na kutupatia nakala yenye muhuri. Askari mwenzake mmoja aliyehamia Sanya Juu amekubali kuja kutoa ushahidi, na walipozungumza kwa simu walikaa saa nzima wakibishana ni nani aliyepoteza sufuria la kombania njiani kwenda Masaka.

Mama nilimsomea hapa jibu la mzee wa Ngarenaro, akanyamaza, kisha akampigia yule bwana mwenyewe kumwambia asije. Jumatatu tunakwenda kuapa. Nishani tumeipiga picha tu. Yenyewe imebaki ukutani.