Maandalizi ya usaili wa umeneja wa bidhaa kwa mtu anayeanza

Mwanagenzi anauliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Nimeitwa kwenye usaili wa nafasi ya meneja wa bidhaa, yaani anayeamua bidhaa itengenezwe vipi na kwa ajili ya nani, ngazi ya kuanzia, katika kampuni moja ya teknolojia. Nilisomea takwimu, na tangu nihitimu nimekuwa katika kitengo cha huduma kwa wateja wa programu ya simu, ambako kazi yangu ni kusoma malalamiko, kuyapanga katika makundi na kuyafikisha kwa wahandisi. Sijawahi kushika cheo cha umeneja wa bidhaa, na katika mambo ya kuandika programu sijui zaidi ya kuchota data kwa SQL, lugha ya kuuliza maswali kwenye hifadhidata.

Barua ya mwaliko inaeleza kwamba nitakutana na wasaili wanne kwa zamu: wa kwanza atauliza kuhusu ubunifu wa bidhaa, wa pili kuhusu vipimo, yaani namba zinazoonyesha kama bidhaa inafanya vizuri, wa tatu kuhusu makadirio na uelewa wa kiufundi, na wa mwisho kuhusu mwenendo wangu kazini. Nimekariri viunzi kadhaa vya kujibia maswali, vile vinavyosambazwa sana mtandaoni kwa vifupisho vyake, lakini nikijisikiliza nikijibu kwa sauti naona majibu yote yanafanana, niwe nimeulizwa kuhusu saa ya kengele au kuhusu huduma ya ramani. Naomba mnisaidie kuelewa: kwa mtu asiye na uzoefu, msaili hupima nini hasa? Swali la vipimo lijibiweje bila kumwaga orodha ya takwimu? Na je, kutojua kuandika programu kutanikwamisha?

Msaili anajibu:

Hongera kwa kuitwa, ndugu Mwanagenzi. Nimekuwa nikisaili watu wa ngazi hiyo, kwa hiyo nitaanza na swali lako la kwanza. Kutokuwa na uzoefu si dosari, kwa sababu nafasi hizi zilibuniwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Google ilianzisha mpango wake wa mameneja wa bidhaa wasaidizi mwaka 2002, chini ya Marissa Mayer, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa bidhaa wa kampuni hiyo, ili kuwachukua wahitimu wapya na kuwafunza wakiwa kazini, na kampuni nyingine zikafuata mkondo huo. Anayekusaili anajua kwamba hujawahi kuzindua bidhaa. Anachotaka kuona ni jinsi unavyofikia uamuzi pale taarifa zinapokuwa hazitoshi, na kama unaweza kuutetea uamuzi huo bila kuung'ang'ania.

Majibu yako yanafanana kwa sababu kiunzi kinakuonyesha pa kupita lakini hakikuonyeshi pa kusimama. Tuchukue swali la ramani ulilolitaja, na tuseme umeulizwa namna ya kuiboresha huduma hiyo kwa watembea kwa miguu. Msailiwa aliyekariri atawagawa watumiaji kuwa vijana, wazee na watalii, atataja shida tatu za kila kundi, atapendekeza masuluhisho matatu, kisha atayapa alama na kuchagua moja. Hatua hizo hazina kosa, ila umri peke yake hauelezi mtu anahitaji nini anapotembea. Hali aliyomo ndiyo inayoeleza: yupo anayeijua njia na anataka tu kujua atafika saa ngapi, yupo anayepita mtaa mgeni usiku, na yupo anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye kwake ngazi tano tu zinaifanya njia fupi isipitike kabisa.

Nikisikia mgawanyo wa aina hiyo huwa naacha kuandika na kusikiliza. Akimchagua huyo wa tatu, natarajia aseme kwa nini: huenda ni wachache kuliko wengine, lakini ramani ikiwakosesha njia wanashindwa kufika, ilhali wengine wanachelewa tu. Kisha natarajia aione shida iliyo chini ya shida, kwamba huduma ya ramani haina data ya ngazi na kingo za barabara, kwa hiyo kuongeza kitufe cha "njia isiyo na ngazi" bila data hiyo ni kutoa ahadi ambayo haiwezi kutimizwa. Hapo anaweza kupendekeza kuanza na maeneo yanayozunguka vituo vikubwa vya usafiri, ambako data inaweza kukusanywa na kuhakikiwa, na kuwaruhusu watumiaji kuripoti vizuizi. Atamalizia kwa kusema ameacha nini, kwa mfano taa za barabarani kwa anayetembea usiku, na kwa sababu gani. Wengi huogopa sehemu hiyo ya kuacha, nami ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote.

Jambo jingine ambalo wanaoanza husahau ni kwamba bidhaa nyingi zina watumiaji wa pande mbili wenye masilahi yanayogongana. WhatsApp ilipoleta alama mbili za buluu mnamo Novemba 2014, mtumaji alipata uhakika kwamba ujumbe wake umesomwa, na mpokeaji akapoteza uhuru wa kusoma na kunyamaza. Muda mfupi baadaye ikaongezwa njia ya kuzizima, kwa masharti kwamba ukizizima nawe huzioni za wenzako. Jaribu kueleza kwa sauti kwa nini sharti hilo liliwekwa na nini kingetokea bila hilo, nawe utakuwa umefanya zoezi zuri kuliko kukariri kifupisho kingine.

Mchambuzi anajibu:

Nitashika swali la vipimo, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku, na kwa aliyesomea takwimu hili ndilo eneo la kujipatia alama.

Maswali haya huja kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni kuulizwa utajuaje kwamba kipengele fulani kimefanikiwa. Hapa taja kipimo kimoja kikuu, eleza kinawakilisha faida gani kwa mtumiaji, kisha ongeza kimoja au viwili vya tahadhari ambavyo vitapiga kelele iwapo kipimo kikuu kinapanda kwa njia mbaya. Mfano unaoeleweka haraka ni wa YouTube, ambayo mwaka 2012 iliacha kuipa kipaumbele idadi ya mibofyo katika mapendekezo yake na kuweka mbele muda wa kutazama, kwa kuwa kichwa cha habari cha udanganyifu kinaweza kuleta mibofyo mingi kwenye video ambayo mtu anaifunga baada ya sekunde chache. Hata muda wa kutazama una upofu wake, kwani hauonyeshi kama mtu aliridhika au alishindwa tu kuondoka. Ukiweza kueleza ubovu wa kipimo ulichokichagua mwenyewe, kabla hujaulizwa, msaili ataona kwamba unakielewa.

Sura ya pili ni kuambiwa kwamba kipimo kimeshuka na kuombwa utafute chanzo. Wengi hukimbilia kubuni sababu. Kwanza uliza kama kushuka huko ni kwa kweli, yaani kama mfumo wa kurekodi haukubadilishwa, na kama wiki inayolinganishwa haikuwa ya sikukuu. Halafu gawanya: watumiaji wapya na wa zamani, aina ya kifaa, toleo la programu, na hatua gani ya safari watu wanaishia.

Kuna mtego mmoja hapa. Tuseme kati ya wanaoingia dukani mtandaoni kwa simu, asilimia 2 hununua, na kwa kompyuta asilimia 6. Makundi yakiwa sawa kwa idadi, kiwango cha jumla ni asilimia 4. Mwezi unaofuata watumiaji wa simu wanakuwa robo tatu ya wote, na kiwango cha jumla kinashuka hadi asilimia 3, ingawa ndani ya kila kundi hakuna kilichobadilika. Hakuna kilichoharibika, na pengine idadi ya wanunuzi imepanda kwa sababu watumiaji wapya wa simu wameongezeka. Wewe mwanatakwimu ulishakutana na jambo hili darasani, basi lipeleke kwenye usaili.

Ukiulizwa kuhusu majaribio ya A/B, yaani kuwaonyesha makundi mawili ya watumiaji matoleo tofauti na kulinganisha matokeo, usiishie kusema "nitajaribu kwa nusu ya watumiaji". Onyesha kwamba unajua gharama yake. Ukitaka kugundua ongezeko la wanaojisajili kutoka asilimia 10 hadi 11, kwa kiwango cha kawaida cha uhakika cha asilimia 95 na nguvu ya jaribio (uwezekano wa kuliona ongezeko hilo kama lipo) ya asilimia 80, unahitaji takribani watu 14,750 katika kila kundi. Bidhaa yenye wageni mia chache kwa siku ingesubiri miezi, na hapo ni afadhali kuzungumza na watumiaji au kujaribu badiliko kubwa zaidi.

Mhandisi anajibu:

Ninakubaliana na waliotangulia kwa mengi, ila nitakitetea kiunzi kidogo. Mtu akiwa na hofu, akili huganda, na hatua zilizokaririwa humsaidia kuanza kusema, kama mkono wa ngazi unavyomsaidia anayeshuka gizani. Usivitupe viunzi vyako. Baki na kimoja, na usikitangaze kwa jina mbele ya msaili.

Kuhusu kuandika programu, kwa nafasi nyingi za kuanzia hutaombwa kuandika hata mstari mmoja, ingawa zipo kampuni zinazopendelea waliosomea kompyuta, kwa hiyo soma tangazo la kazi kwa makini. Utakachoombwa ni kueleza kinachotendeka nyuma ya kioo. Swali ninalolipenda ni hili: mtumiaji amebonyeza kitufe cha kulipa, mtandao ukasuasua, akabonyeza tena, nini kitatokea? Anayejiandaa vizuri ataeleza kwamba programu hutuma ombi kwa seva, kwamba seva inaweza kuwa imeshalitekeleza ombi la kwanza ingawa jibu halikumfikia mtumiaji, na kwamba ombi la pili linaweza kumtoza mara mbili. Dawa yake ni kila malipo kubeba namba ya utambulisho wa pekee, ili seva ikiiona namba ileile tena irudishe jibu la awali badala ya kutoza upya. Kisha, kama meneja wa bidhaa, aseme mtumiaji ataona nini kwenye kioo wakati huo wote. Ukifika hapo sitakuuliza kama unajua kuandika programu.

Mwanagenzi anaongeza:

Nawashukuru sana, wakuu. Yamebaki mawili. La kwanza ni makadirio: sioni kipi kinapimwa ikiwa hakuna anayejua jibu sahihi. La pili ni mazungumzo ya mwenendo. Sijawahi kuongoza mtu yeyote, na naogopa sina la kusimulia.

Msaili anajibu:

Katika makadirio hupimwa mambo mawili: kama unaligawa swali katika vipande vinavyokadirika, na kama unashtuka namba inapokuwa ya ajabu. Tuseme umeulizwa YouTube inahitaji hifadhi mpya kiasi gani kwa siku. YouTube yenyewe imewahi kutangaza kwamba saa zaidi ya 500 za video hupakiwa kila dakika. Zidisha kwa dakika 60 na saa 24, utapata saa 720,000 kwa siku. Ukichukulia kwamba saa moja ya video ni gigabaiti moja, hizo ni terabaiti 720, na zikihifadhiwa nakala tatu kwa usalama inakuwa petabaiti mbili na ushei (petabaiti moja ni terabaiti 1,000). Kisha rudi kwenye dhana iliyo dhaifu kuliko zote, ambayo hapa ni hiyo gigabaiti moja, kwa kuwa kila video huhifadhiwa katika ubora wa viwango kadhaa. Sema wazi kwamba dhana hiyo ikibadilika mara tatu, jibu nalo litabadilika mara tatu. Usipoijua namba ya saa 500, anza na idadi ya watumiaji na sehemu yao inayopakia. Msaili hatakulaumu kwa kutoijua.

Kuhusu mwenendo, meneja wa bidhaa kwa kawaida hana wahandisi anaowaamuru, kwa hiyo swali la uongozi huwa ni swali la kushawishi bila mamlaka. Nawe umekuwa ukifanya hivyo kila unapopeleka malalamiko kwa wahandisi. Chagua lalamiko moja ambalo hawakutaka kulishughulikia. Eleza hali ilivyokuwa, wewe ulitakiwa kufanya nini, ulifanya nini hasa, na nini kilibadilika. Mathalani, ulihesabu kwamba malalamiko ya aina hiyo yalikuwa sehemu kubwa ya yote, ukasoma machache mbele yao, wakalipandisha kwenye orodha ya kazi. Tumia "mimi" pale ulipofanya wewe na "sisi" pale mlipofanya pamoja, kwani msailiwa anayesema "sisi" tangu mwanzo hadi mwisho hunilazimu kumuuliza mara tatu yeye alikuwa wapi. Tayarisha pia simulizi moja ambayo matokeo yake hayakuwa mazuri, maana utaulizwa.

Mchambuzi anajibu:

Niongeze dogo kabla hujaenda. Tumia bidhaa ya kampuni hiyo kwa siku kadhaa, usome maoni ya watumiaji kwenye duka la programu, na uchague kasoro moja. Usiende kuitangaza kama uvumbuzi wako, kwa sababu huenda wanaijua tangu zamani. Fikiria kwanza ni sababu gani nzuri iliyowafanya waiache, iwe ni sheria, gharama au kundi jingine la watumiaji ambalo lingeumia, kisha mwishoni, ukipewa nafasi ya kuuliza, waulize kama umekisia sawasawa.