Tupeane uzoefu: uliosomea usanifu wa ndani hapa Mombasa, kazi gani ya mikono ilikufunza kweli?

Binti wa Kuze

Jioni njema jamani. Juzi mdogo wangu alionyesha kazi zake za mwaka wa mwisho chuoni. Ukumbi umejaa vijinyumba vya kadibodi, vipande vya mbao, vitambaa vimebandikwa kwenye mabango, wazazi wapiga picha. Baba yetu, ambaye miaka mitatu amekuwa akimuuliza hayo mapambo yataisha lini asome kitu cha maana, alisimama mbele ya kiti alichokichonga mtoto. Akakikalia. Akanyamaza. Hakuinuka upesi, nikajua yameisha.

Basi nikakumbuka yangu. Naanza mimi, nanyi mtoe zenu. Vyeti na alama tuviweke kando kidogo.

Mwaka wa pili tulipewa chumba halisi katika nyumba ya zamani Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Mwenyewe alitaka kiwe cha wageni. Tukapima kuta mbili, tukaingia kompyutani, mistari ikanyooka vizuri. Rafu tukaitengeneza karakana ya chuo, tukaileta kwa mkokoteni, vijana watano, mbwembwe tele. Kuisukuma pembeni: upande mmoja yagusa ukuta, upande wa pili mkono mzima wapita. Zile kuta za matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita, zilinyooshwa kwa kamba na jicho la fundi. Pembe ya mraba mle ndani hakuna hata moja.

Mwalimu hakutukemea. Alitoa futi akapima mshazari, kona hadi kona, kisha mshazari wa pili. Tofauti sentimita 11. Halafu akatufunza wanavyofanya mafundi: weka alama sentimita 60 kwenye ukuta huu, 80 kwenye ule, kisha pima kutoka alama hadi alama. Futi ikisoma 100, kona ni mraba. Ikisoma namba nyingine, usichonge kitu bado. Hiyo naitumia hadi leo, na sijawahi kuitolewa swali la mtihani.

Lakini pigo lenyewe lilikuwa baadaye. Kwenye ramani yetu tulikuwa tumeufuta ukuta wa kati ili chumba kipumue. Mwalimu akasema tutazame juu. Boriti zote, ile mikoko myeusi ya zamani, zilikuwa zimelala kwenye ukuta huo. Mkoko wenyewe hauendi mbali, mita 3 hivi na umefika, ndiyo maana vyumba vya nyumba zile ni virefu na vyembamba. Sisi tulidhani wazee hawakujua kupanga nafasi. Hivyo ukuta ukabaki, tukautoboa madaka matatu ya kuwekea taa, kwa kina kidogo tu na kwa ruhusa. Mwenye nyumba alipenda madaka kuliko rafu. Rafu aliweka viatu.

Mkamba wa Bahari

Dada Binti wa Kuze, ya rafu imenichekesha kwa uchungu. Mimi ni wa bara, nilikuja Mombasa kusoma nikiwa sijui hata utamu wa mahamri. Kazi ya muhula ilikuwa kumtafuta mtu wa kweli na kumpangia jiko. Nikampata mama mmoja, jirani yetu Tudor. Nikachora jiko safi: meza zote kimo cha sentimita 90 kama kitabu kinavyosema, sinki, jokofu na moto vikae pembetatu, kabati hadi dari. Nikampelekea nikijisikia.

Akaitazama ramani muda mrefu, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, na mbuzi je?"

Nikamjibu, "Mama, mbuzi hawezi kuingia jikoni, usafi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Aliwaita na watoto waje waskie. Ndipo akanionyesha mbuzi ya nazi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma chenye meno. Nikakaa nikakuna nazi mbili mbele ya familia nzima, vidole vikachubuka. Nikaona kumbe nusu ya kazi ya jiko lake hufanyika chini: kukuna nazi, kuchambua mchele kwenye uteo, kukata mboga. Mimi nilikuwa nimemjengea jiko la mtu anayesimama siku nzima.

Nikarudi nikaanza upya. Kona moja nikaiacha wazi bila kabati, karibu na dirisha linalopata upepo, sakafu yake imeinuka kidogo ili maji yasifike. Chini ya meza nikaweka droo ya mbuzi, ikunjwe iingie. Siku ya kuwasilisha, wakaguzi walitoka nje ya chuo, mmoja alikuwa mhandisi, na maswali yote yalikuwa ya droo ile. Nilipata alama ya juu kabisa darasani. Na mwaka uliofuata yule mama alilijenga lile jiko kwa pesa zake, ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kwanza ya kulipwa.

Fundi Makochi

Mimi sikusoma chuo, lakini niruhusuni. Nashona makochi Majengo mwaka wa 19 huu, na watoto wa vyuo huletwa kwangu kufanya atachimenti, yale mafunzo ya kazini. Ramani zao nzuri wallahi. Rangi, vivuli, kochi laonekana kama la ikulu. Nauliza: kimo cha kukalia? Yuwaniambia sentimita 55. Kwani atakaa twiga? Mtu wa kawaida 42 mpaka 45 yamtosha, na ukumbuke sponji ikibanwa yashuka tena.

Basi siku ya kwanza simpi mtu nyundo. Nampa futi aende akapime viti kumi, popote, hata baraza ya nje ya msikiti, hata kiti cha matatu, avikalie dakika kumi kila kimoja aniambie kipi kilimuuma. Wengi warudi na viti vinne na uongo sita, nawajua. Mwaka jana msichana mmoja alirudi na 23, ameandika kimo, kina, mwinamo wa mgongo. Kilichoshinda ni kiti cha bibi yake, cha kamba zilizolegea. Tukachukua vipimo vile vile, tukatengeneza kochi la mtu mmoja. Liko mbele ya banda langu. Oda nne zishatoka, na kila mwenye oda ana kipimo chake.

Kisauni Kwetu

Shikamoo fundi. Yangu fupi. Tuliambiwa tutumie kitambaa cha kwetu. Nikaenda Biashara Street nikanunua leso doti mbili, nikakata mito ya baraza, sentimita 45 kwa 45. Bibi akaja kuitazama, akasoma jina la leso lililobaki kwenye mto: MAPENZI YA MAMA HAYANA. Akaniuliza, "Hayana nini?"

Pindo nalo nilikuwa nimelikata kama mabaki. Bibi akanilazimisha nitandaze leso nyingine sakafuni, tukatazama pindo, mji ule wa katikati na jina kabla ya mkasi kugusa kitu. Mwishowe nikashona mito mirefu, jina zima limelala kati, pindo limeizunguka. Kwenye maonyesho mito yote minne iliuzwa kabla ya mchana, moja kainunua mwalimu mkuu.

Chumvi na Upepo

Nyinyi mna bahati. Atachimenti yangu, kampuni siitaji, miezi miwili nilikuwa mtu wa chai na fotokopi. Nililia. Kilichoniokoa ni malalamiko ya mteja mmoja, nyumba yake iko karibu na bahari. Kabati za jikoni zilikuwa hazijamaliza mwaka, milango imevimba chini na bawaba zimefanya kutu ya rangi ya chai. Hakuna aliyetaka kwenda kumkabili, wakanituma mimi na fundi mmoja mzee.

Yule mzee akafungua mlango, akanionyesha ukingo wa chini. Juu kumepakwa vizuri, chini MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliobanwa, iko tupu, imekunywa maji ya deki na unyevu wa hewa kama mkate. Nikaomba vipande vilivyokatwa, nikavipeleka nyumbani. 12 kwa jumla: vingine nimeziba kingo zote kwa vanishi, vingine nusu, vingine sikugusa, na kila kimoja nikakitia skurubu, za kawaida na za chuma cha pua. Nikavitundika roshani kuanzia mwanzo wa masika hadi kusi ilipokolea, na kila Jumapili napima unene na kupiga picha. Mama alidhani nimerogwa.

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu ya mwisho chuoni. Vile vipande viko kabatini kwa mwalimu mpaka leo, huwatolea wa mwaka wa kwanza.

Swali Tu

Samahani, mbona haya yote ni useremala na ushonaji? Mimi naanza Septemba, nimenunua laptopu nzito nikiambiwa kozi ni kompyuta tupu.

Mkamba wa Bahari

Hiyo laptopu utaitumia sana mdogo wangu, ramani bila programu siku hizi hakuna atakayeipokea. Ila nunua na futi ya mita 5, ya chuma, usichukue ya kushonea.

Binti wa Kuze

Na ndala za kuvaa karakanani usizithubutu, viatu vya kufunika. Kaka Mkamba, hebu tupe vipimo vya ile droo, mama yangu amesoma hapa begani kwangu na sasa ameshikilia na yeye ataka.

Mkamba wa Bahari

Hahaa, mpe salamu. Yangu ndani ilikuwa urefu sentimita 65, upana 30, kimo 18. Lakini mbuzi hazilingani, ile ya kwenu ikunje kwanza uipime na ule ulimi wake, mimi ya kwanza ulimi ulizuia droo kufunga.