Kiwanja cha mteremko Goba: nipime nini kwenye udongo kabla ya msingi na karo?

Mteremko_Goba:
Wakuu, habari za leo. Kiwanja kipo Goba, Dar es Salaam, ni mita 20 kwa 30, kinashuka kama mita 3 kutoka barabarani hadi kwenye korongo. Nimechimba upande wa chini tu: juu kuna mchanga mwekundu, ukifika usawa wa goti unakuta mfinyanzi wenye mabaka ya kijivu. Fundi anataka tuchonge juu, tumwage chini, tupate tambarare, karo (tangi la majitaka ya vyoo) likae nyuma huko korongoni. Mama naye anataka bustani ya mboga. Nianzie wapi kabla sijanunua tofali?

Koleo_na_Futi:
Mkuu, hayo mabaka ya kijivu ndiyo habari yenyewe. Udongo mwekundu rangi yake ni ya chuma. Maji yakisimama muda mrefu hewa inakosekana, ile rangi inaondoka, inabaki kijivu. Maana yake masika maji yanapenya mchanga, yanagonga mfinyanzi, halafu yanatembea kando kufuata mteremko. Shimo la kunywea, yaani lile linalopokea maji ya karo na kuyaachia udongoni, ukilichimba hapo halitakunywa, na majitaka yatachomoza ukingoni mwa korongo au kwa jirani wa chini.

Chimba mashimo matatu, juu, kati na chini, uone tabaka zinavyopangana. Yakizidi kina cha mita 1.2 asiingie mtu bila mbao za kuzuia kuta, mchanga huo huporomoka bila taarifa.

Kisha pima unywaji. Kwenye kina ambacho kitako cha shimo la kunywea kitakaa, chimba kijishimo cha sm 30 kila upande. Kwaruza kuta kwa msumari, kwa sababu koleo hulainisha uso wa mfinyanzi na kuziba matundu, ukapata jibu la uongo. Weka kokoto ndogo sm 5, jaza maji, acha yalale. Asubuhi weka maji sm 15 juu ya kokoto, laza fito mdomoni mwa shimo, pima kwa rula kutoka kwenye fito hadi usoni mwa maji. Hesabu dakika ambazo maji yanatumia kushuka sm 2.5. Rudia mara tatu, chukua jibu la mwisho. Dakika 5 hadi 30 ni salama. Ikipita 60, hapo hapafai. Chini ya 5 maji yanakimbia kabla hayajachujwa, na wenye visima wataumia. Pima Aprili au Mei. Udongo wa Septemba ni mkavu, hunywa maji yoyote unayoyamwaga.

Mteremko_Goba:
Asante sana mkuu. Karo nikilihamishia juu karibu na barabara je? Hata gari la kunyonya litafika.

Koleo_na_Futi:
Gari ni hoja nzuri, ila maji hayapandi. Bomba la inchi 4 linataka kushuka kama sm 2.5 kwa kila mita, kwa hiyo karo lazima likae chini kuliko vyoo. Liweke ubavuni mwa nyumba, katikati ya mteremko, kama shimo la kati litaonyesha mchanga wa kutosha. Kati ya kitako cha shimo la kunywea na usawa wa maji wa masika bakiza angalau mita 1.5 ya udongo mkavu. Kisima kikae angalau mita 30 kutoka kwenye shimo hilo.

Nondo12:
Kuhusu msingi, hilo la kuchonga na kumwaga ndilo linalopasua nyumba nyingi za vilimani. Nusu inakaa kwenye udongo wa asili, nusu kwenye kifusi, na kifusi kinaendelea kushuka masika baada ya masika. Ufa wa mshazari kuanzia kona ya dirisha mara nyingi chanzo chake ni hicho. Jenga msingi wa ngazi, kila ngazi ikae kwenye udongo ambao haujaguswa. Kifusi cha chini ya jamvi (zege la sakafu) kishindiliwe kwa tabaka za sm 15, kikiwa na unyevu. Ukuta wa kuzuia udongo uachie matundu ya bomba la inchi 2 kila mita 1.5, na nyuma yake kokoto, maana maji yaliyokwama ndiyo huusukuma.

Bustani_Kilimani:
Kabla ya kuchonga, kwangua sm 20 za juu, rundika pembeni, funika. Ukizifukia, mama atabaki na udongo wa chini usio na mboji. Matuta yalale kukata mteremko, na ukingoni mwa korongo panda nyasi za vetiva zishike udongo. Na mboga ziwe mbali na shimo la kunywea, hasa mchicha na nyingine zinazoliwa majani.